Habari za Mlozi, Aliyejiita Sultani wa Ukonde

Mtu akisimama pale Njisi na kutazama ng'ambo ya mto Songwe, aona nchi iliyo kama nchi yetu: migomba ile ile, mpunga ule ule, ng'ombe wale wale, na watu ambao maneno yao twayafahamu pasipo mkalimani. Leo mto huo ni mpaka wa Tanzania na Malawi, lakini zamani haukuwatenga ndugu. Katika nchi hiyo ya ng'ambo, mahali paitwapo Mpata, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Karonga, alikaa mtu mmoja ambaye jina lake liliwatia watu hofu katika pwani yote ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Jina lake Mlozi bin Kazbadema. Alijifanya sultani mwaka 1887, na mwaka 1895 usultani wake ukaisha kwa kamba. Tumeona vema kuandika habari zake, kwa maana wengi wamesikia jina tu, na wengine hawakulisikia kamwe, hali ya kuwa mambo yake yaliwagusa babu zetu wa pande zote mbili za Songwe.

Kwanza yafaa tujue nchi ile ilikuwaje kabla yake. Wakonde, ndio Wangonde, ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa desturi. Mkuu wao alikuwa na cheo cha Kyungu, naye alikaa juu ya kilima cha Mbande, si mbali na Karonga. Wazee wao husimulia kwamba Kyungu wa kwanza alitoka milima ya Ukinga. Kyungu hakutawala kwa wingi wa askari. Watu walimheshimu kwa sababu waliamini ya kuwa afya yake ndiyo afya ya nchi, mvua na mavuno na uzao wa ng'ombe. Wakubwa wa ukoo walimzunguka, wakamshauri, tena wakamzuia asitende apendavyo. Tangu zamani Kyungu alifanya biashara ya pembe za ndovu na watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, akapata nguo na vitu vingine, akawagawia wakubwa wake. Basi wageni wa biashara hawakuwa jambo jipya katika nchi ile. Watu walizoea kuwapokea.

Vijiji vya Wakonde, kama vijiji vya Wanyakyusa, vilikuwa wazi katika uwanda, kati ya migomba. Havikuwa na ukuta wala handaki. Silaha zao zilikuwa mikuki na ngao, na utajiri wao ulikuwa ng'ombe. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, kwa kuwa litamsaidia kufahamu yaliyofuata.

Katika miaka ile biashara ya pwani ilikuwa imegeuka. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kwa mkataba na Waingereza kuufunga mnada wa watumwa wa Unguja na kukataza watumwa wasichukuliwe baharini. Walakini mkataba wa baharini haukufika bara. Pembe za ndovu zilitakiwa sana Ulaya na Marekani, kwa vipini vya visu, na vichana, na vinanda. Ndovu walikuwa wamekwisha kupungua karibu na pwani, basi wafanya biashara wakaingia ndani zaidi, hata nchi ya Wasenga katika bonde la mto Luangwa. Pembe ni nzito, na bara hapakuwa na punda wa kutosha wala gari. Zilichukuliwa mabegani mwa watu. Wengine walikuwa wapagazi wa mshahara, wengine walikuwa watumwa walionunuliwa au kutekwa njiani, ambao mwisho wa safari waliuzwa pamoja na mizigo yao. Hivyo biashara ya pembe na biashara ya watu zilikuwa kama kamba mbili zilizosokotwa. Aliyeshika moja alikuwa ameishika na ya pili.

Njia ya misafara hiyo ilishuka kutoka Usenga hata pwani ya Nyasa, ikavuka ziwa kwa majahazi, ikaendelea hata Kilwa. Ndipo Mlozi alipokuja Karonga, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye damu ya Kiarabu na ya Kiafrika, akisema Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kuzipokea pembe zitokazo bara na kuzipeleka mbele. Pamoja naye walikuwapo wenzake, na mashuhuri kati yao ni Kopakopa na Msalema. Katika Kiswahili mlozi ni mti uzaao lozi, tena ni mchawi. Lakini tusimhukumu mtu kwa jina lake, tumhukumu kwa matendo yake.

Wakati ule ule walikuja wageni wengine kwa njia ya kusini. Mwaka 1878 watu wa Scotland, marafiki wa misioni, waliunda kampuni ya biashara iliyoitwa African Lakes Company, nao ndugu wawili, John na Fred Moir, waliisimamia. Nia yao ilikuwa njema: walitaka kuleta biashara ya halali, ili biashara ya watu ikose faida na kufa. Bwana James Stevenson alitoa fedha ili barabara ilimwe kutoka ncha ya kaskazini ya Nyasa hata Tanganyika. Mwaka 1884 kampuni ikafungua duka Karonga, na msimamizi wake akawa Monteith Fotheringham.

Lakini hapa pana jambo ambalo hatupendi kulificha. Duka lile lilinunua pembe, na mwenye pembe nyingi alikuwa Mlozi. Kwa miaka kadhaa walikuwa jirani, wakabadilishana mali, wakaamkiana. Pembe zilipimwa katika mizani, nguo zikahesabiwa, na habari za mabega yaliyozichukua pembe hazikuingia katika daftari. Watu waliokuja kuiua biashara ya watumwa waliilisha kwa mkono wa pili pasipo kukusudia. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliokwisha kufa. Twayasema kwa sababu kila mtu anunuaye kitu kwa bei nafuu aweza kuangukia shimo lile lile.

Katika mwaka 1887 ugomvi ulizuka. Mkubwa mmoja wa Wakonde aliuawa katika ugomvi na watu wa pwani. Wakonde wakakasirika, wakataka kulipiza kisasi. Fotheringham alijaribu kuwapatanisha, akaenda huku na huku na maneno ya amani, walakini hayakushika. Mlozi na wenzake walikuwa wamekwisha kujenga maboma yao kando ya barabara ya Stevenson, yenye miti mikubwa iliyokandikwa kwa udongo, nao walikuwa na bunduki nyingi na askari wa kukodi, wale walioitwa ruga-ruga. Wakavishambulia vijiji vya Wakonde, wakavichoma moto, wakateka wanawake na watoto.

Siku iliyo mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1887. Wakonde wengi walikuwa wamekimbilia Kambwe, penye maji na matete karibu na Karonga, wakidhani ya kuwa hapo watasalimika chini ya macho ya Wazungu. Ruga-ruga wakawafuata. Waliokuwa na mikuki walipigwa kwa bunduki kabla hawajafika karibu. Waliojificha ndani ya matete walitiliwa moto. Waliokimbilia majini walikutana na mamba. Hivyo wengine wakafa kwa risasi, wengine kwa moto, wengine kwa meno ya mnyama, na waliobaki wakafungwa kamba. Baada ya mauaji hayo Mlozi akatangaza ya kuwa yeye sasa ni Sultani wa Ukonde, na nchi ni yake.

Na tuangalie usultani huo ulisimama juu ya nini. Mlozi hakuwa na ukoo katika nchi ile. Hakukaa Mbande, wala wazee hawakumweka. Hakuna Mkonde aliyeamini ya kuwa mvua itanyesha kwa ajili yake. Alikuwa na boma, bunduki, baruti, na watu waliolipwa kwa nguo na kwa mateka. Ilimpasa awe na mateka wapya daima ili awalipe walinzi wake, na kila alipoteka alizidi kuhitaji walinzi. Hata alipoitwa sultani hakuweza kukaa kwa amani katika nchi aliyosema kwamba ni yake.

Mwezi wa Novemba mwaka ule Mlozi alilishambulia duka la Karonga. Ndani yake walikuwamo Wazungu wachache, pamoja na Wakonde wengi waliokimbilia humo. Wakazingirwa siku tano, tangu tarehe 23 hata tarehe 28. Tena siku hizo hawakuokolewa na meli wala na jeshi la Ulaya. Waliokolewa na Wanyakyusa, waliovuka Songwe kutoka kaskazini na mikuki yao, wengi sana, hata watu wa Mlozi wakauacha mji na kurudi katika maboma yao. Jambo hili husahauliwa katika vitabu vingi, ambavyo hutaja majina ya Wazungu tu. Walakini twapaswa kuongeza, kwa ajili ya kweli, kwamba hata wasaidizi hao walipenda nyara. Vita vilipoleta ng'ombe na nguo, wengi walirudi makwao na fungu lao, nayo maboma yakabaki yamesimama.

Mwaka 1888 akaja mwaskari Mwingereza, Kapteni Frederick Lugard, ambaye baadaye alijulikana sana Uganda na Nigeria. Kampuni ikampa uongozi wa vita. Mwezi wa Juni aliwaongoza watu wake alfajiri kulivamia boma la Kopakopa. Wakafika ukutani, wasiweze kuupanda wala kuubomoa, na Lugard mwenyewe akapigwa risasi, akajeruhiwa vibaya mikononi. Mganga wa misioni ya Livingstonia, Dr. David Kerr Cross, alikuwako Karonga katika vita vile akiwatibu majeruhi. Mwanzo wa mwaka 1889 mzinga mdogo uliletwa kwa taabu nyingi kutoka pwani. Lakini kombora lilipita katikati ya miti na udongo, likaacha tundu, na ukuta ukabaki. Lugard akaondoka mwaka ule kabla ya ushindi. Pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Baruti ilipungua, na mashamba yalikuwa magugu.

Ndipo akaja Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza. Kwanza alifanya urafiki na Jumbe wa Kota Kota, mkuu wa watu wa pwani upande wa magharibi wa ziwa, kisha akaenda Karonga, na tarehe 22 Oktoba 1889 akafanya mapatano na Mlozi na wenzake. Wakonde waliruhusiwa kurudi katika vijiji vyao, na watu wa pwani wakaahidi kuacha vita. Kila mmoja alijua kwamba amani hii ni ya wachovu. Mlozi alibaki katika boma lake na bunduki zake, na misafara haikukoma.

Katika miaka sita iliyofuata ulimwengu uliomzunguka Mlozi ulibadilika, naye hakubadilika. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi waligawana nchi kwa mkataba, na Songwe ukawa mpaka: kusini Waingereza, kaskazini Wadachi. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na wamisionari wa Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifika katika nchi ya Wanyakyusa kwa njia ya ziwa. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alileta meli iliyochukua jina lake, na boma la Langenburg likajengwa penye pwani ya ziwa. Biashara ya watumwa ilizidi kubanwa, kaskazini kwa Wadachi na kusini kwa Waingereza. Wale waliookolewa mikononi mwa wafanya biashara, wengine walipata makao katika vituo vya misioni. Kule Utengule Bibi Elise Kootz-Kretschmer wa misioni ya Moravian aliandika habari za maisha ya wanawake na watoto waliopita katika utumwa. Mtu akizisoma ataona ya kuwa mtumwa hakuwa mzigo tu. Alikuwa binti wa mtu, aliyekumbuka jina la mama yake.

Wenzake Mlozi wa nchi nyingine walikuwa wanaanguka mmoja mmoja. Abushiri alinyongwa na Wadachi huko Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Rumaliza wa Ujiji alishindwa na Wabelgiji mwaka 1894. Makanjira, kusini ya Nyasa, alivunjiwa nguvu na Johnston mwezi wa Novemba 1895. Mlozi alisikia habari hizo. Johnston alijaribu kwanza kupatana naye, lakini yeye alikataa, akazidi kuitesa nchi. Labda aliukumbuka mzinga wa mwaka 1889, akatumaini ukuta wake.

Mwisho ukaja upesi. Mwishoni mwa Novemba 1895 Johnston alipanda ziwa kwa meli pamoja na askari kama 400, Masingasinga kutoka Uhindi na askari Waafrika, Watonga wengi kati yao, na mizinga iliyo bora kuliko ule wa kwanza. Tarehe 2 Desemba wakaondoka Karonga usiku, mvua ikinyesha, wakalizunguka boma la Mpata kabla ya watu wake kujua. Mizinga ikapiga. Tarehe 3 ukuta ukaingiliwa, watu wengi wakafa ndani. Walipoitafuta nyumba ya Mlozi hawakumwona. Ndipo sajini mmoja Mtonga, jina lake Bandawe, aliposikia sauti chini ya sakafu, akagundua chumba kilichochimbwa ardhini, akashuka, akamkamata. Yule aliyetangaza kwamba nchi yote ni yake alikutwa ndani ya shimo chini ya kitanda, ana jeraha kichwani.

Wakampeleka Karonga. Johnston akakusanya wakubwa wa Wakonde, wakakaa barazani, na Mlozi akashitakiwa kwa kuua watu, hasa mateka Wakonde waliouawa ndani ya boma wakati wa vita. Wakubwa wakamwona ana hatia, na Johnston akaithibitisha hukumu. Tarehe 5 Desemba 1895 akanyongwa mbele ya watu. Watumwa wengi waliokuwa bomani wakafunguliwa, na boma likateketezwa.

Mtu mwenye busara atauliza hapa: je, hukumu ile ilikuwa ya haki? Aliyempiga vita ndiye aliyeita baraza, naye ndiye aliyethibitisha adhabu, na siku mbili tu zilipita kati ya kukamatwa na kunyongwa. Tena walioketi barazani walikuwa watu ambao watoto wao walikuwa wametekwa. Sisi hatuwezi kusema kwamba hakuwa na hatia. Maji ya Kambwe yashuhudia. Walakini haki iliyofanywa kwa haraka na mwenye nguvu huwafundisha watu kuogopa kuliko kuwafundisha haki yenyewe. Na serikali iliyomwondoa Mlozi haikuondoka. Ilikaa, ikatoza kodi, ikatawala nchi ile hata mwaka 1964, Malawi ilipopata uhuru. Wakonde walimpoteza bwana mmoja, wakampata mwingine, aliye mpole kuliko yule lakini mwenye nguvu zaidi.

Kuna jambo jingine. Tukisema Mlozi, Mlozi, twaweza kujidanganya ya kuwa uovu wote ulitoka kwa wageni wa pwani. Sivyo. Ruga-ruga wake wengi walikuwa Waafrika wa bara. Watumwa aliowanunua huko ndani waliuzwa na wakubwa wa Kiafrika, wengine na jamaa zao wenyewe, kwa deni, au kwa njaa, au kwa kushitakiwa uchawi. Kampuni ilinunua pembe zake. Watu wa Ulaya, waliochukizwa na habari za utumwa, walipiga vinanda vyenye meno ya pembe hizo. Mlozi alikuwa fundo moja katika kamba ndefu, na mikono iliyoishika ilikuwa mingi. Lakini yeye mwenyewe alichagua. Angaliweza kubaki mfanya biashara kama alivyokuja, mgeni wa Wakonde, nao wangaliendelea kumpokea kama Kyungu alivyowapokea wageni wa zamani. Aliyapenda mamlaka, akayachukua kwa damu, nayo yakamdumu miaka minane.

Leo cheo cha Kyungu kingaliko Karonga. Kilipita katika siku za Mlozi, na siku za Waingereza, na siku za baada ya uhuru. Cheo cha Sultani wa Ukonde hakikurithiwa na mtu yeyote. Nasi tukivuka Songwe kwenda sokoni au kuwatazama ndugu, twapita katika njia ambayo babu zetu waliikimbilia na mikuki yao kuwaokoa Wakonde, na ambayo watoto wengi waliofungwa kamba hawakuirudia. Yafaa tuwasimulie watoto wetu mambo yote mawili.